Ukitaka Kuchonga Liemba, Uliza Kwanza Nani Alilipia Ramani

Jirani yangu hapa Bumbuli alikata mpeasi uliozeeka nyuma ya nyumba yake akaupasua kuni. Nilipofika lilikuwa limebaki gogo moja. Nikamwomba, akacheka: "Mwalimu, kwako kuni zimekwisha?" Kuni ninazo. Ila mpeasi, ndugu msomaji, ni mti ambao wachongaji wa meli za mfano huko Ulaya huununua kwa vijiti na vibao vyembamba, tena kwa bei inayouma. Nyuzi zake zimebana, haumeguki ovyo kwenye ncha ya patasi, na ukichonga kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, kona zake hubaki kali. Sisi Lushoto nzima tunakula mapeasi, shina tunapikia maharage.

Kwa hiyo mbao si tatizo la huku milimani. Tatizo ni ramani. Vijana wanaokuja kwenye karakana yangu, na wengine wanaonipigia simu kutoka Soni na Mombo, wote wana swali moja: ramani ya meli ya zamani inapatikana wapi? Wanataka zile meli za enzi ya Mjerumani na Mwingereza walizosimuliwa na babu zao, au Liemba waliyoiona kwenye televisheni. Wengi wameshaingia kwenye intaneti, wamepata picha tatu za ubavuni, wakaanza kuchonga. Matokeo yake ni meli yenye ubavu mzuri na tumbo la pipa.

Mimi hujibu kwa swali. Meli hiyo aliilipia nani, na je, aliiona ikijengwa? Mtu anayelipia kitu kinachojengwa mbali naye hudai karatasi. Serikali hudai karatasi, jeshi la majini hudai karatasi, kampuni ya reli hudai karatasi tena kwa nakala tatu. Lakini tajiri wa Pangani aliyetaka jahazi alishuka ufukweni akaliona linavyopanda, ubao kwa ubao, akagombana na fundi palepale. Karatasi ya nini? Ukishajua meli yako ni ya tajiri wa aina gani, umeshajua kama utaandika barua au utapanda basi kwenda pwani.

Tuanze na Liemba, maana ndiyo inayopendwa, na ndiyo inayofundisha zaidi. Meli hii tangu kuzaliwa kwake ilikuwa ya kuunganishwa, kama zile za watoto zinazouzwa kwenye boksi. Ilijengwa mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli nyingine na kupelekwa Kigoma kwa reli iliyokuwa imefika huko mwanzoni mwa 1914. Mafundi watatu wa Papenburg wakiongozwa na Anton Rüter, pamoja na vibarua na mafundi ambao vitabu haviwataji kwa majina, wakaiunganisha upya kwa ribiti. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini ikiitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyetawala wakati wa Vita vya Maji Maji. Hakuna anayeweza kuunganisha upya meli ya mita 71 kwa kumbukumbu ya kichwa. Ilisafiri na michoro yake.

Karakana ya Meyer ipo hadi leo Papenburg, inajenga meli kubwa za watalii. Hapo ndipo pa kuanzia kuuliza. Katika kutafuta kwako, andika jina la meli kwa njia zote: Götzen, Goetzen, na hata Gotzen bila vitone, maana wahifadhi wa nyaraka waliandika kila mmoja kwa mkono wake. Ukitafuta "Liemba" peke yake utapata ya baadaye tu.

Na hapo kuna mtego. Kabla hujatafuta ramani, chagua mwaka. Götzen ya 1915 ilikuwa ya kivita, imefungwa mzinga wa sentimita 10.5 uliotoka kwenye manowari Königsberg. Mafundi wake Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916, baada ya kuzipaka injini grisi nzito ili siku moja zifufuke. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikarudi kazini tarehe 16 Mei 1927 kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 injini za mvuke ziling'olewa, zikawekwa za dizeli. Kila mara kitu fulani kilibadilika juu ya sitaha. Ramani nyingi zinazozunguka kwenye simu za watu zimechanganya miaka: mwili wa Mjerumani, vyumba vya Mwingereza, na bomba la moshi la siku za Mwalimu Nyerere. Mtoto hatajua, lakini mzee wa Kigoma atajua kabla hajakaa kitini.

Dawa yake ni picha zenye tarehe. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt inahifadhi mkusanyo wa makumi ya maelfu ya picha kutoka yaliyokuwa makoloni ya Ujerumani, nao umefunguliwa bure kwenye intaneti. Kaa nao jioni moja ukiwa na bando la kutosha. Ramani inakueleza meli ilivyokusudiwa kuwa. Picha inakueleza ilivyokuwa. Zikipingana, amini picha, isipokuwa kwenye vipimo, kwa sababu kamera hupinda kila kitu.

Ukiandika barua kwenda kwenye hifadhi yoyote, iwe fupi. Taja jina la meli, karakana iliyoijenga, mwaka, na vitu viwili unavyotaka. Cha kwanza ni mchoro wa mistari ya mwili, ambao Waingereza huuita "lines plan" na Wajerumani "Linienriss". Cha pili ni mchoro wa mpangilio wa sitaha na vyumba, "general arrangement" kwa Kiingereza, "Generalplan" kwa Kijerumani. Maneno hayo yanakili yalivyo. Ukiomba "ramani ya meli" tu, wanaweza kukutumia mchoro wa bomba la maji machafu, tena kwa malipo. Uliza bei ya nakala kwanza, uliza kama kuna nakala ya kidijitali, na uliza ruhusa inasemaje kuhusu kuuza meli utakazochonga. Kisha subiri. Majibu mengine huchukua wiki, mengine miezi. Palilia maharage yako.

Kati ya michoro hiyo miwili, wa mistari ndio wenye thamani, na ndio unaowatisha watu. Una sura tatu. Ya kwanza ni ubavu. Ya pili ni meli ikitazamwa kutoka juu, kwa kawaida nusu tu. Ya tatu ni vikato, kana kwamba meli imekatwa kama mkate wa slesi kutoka omo hadi tezi na kila slesi ikachorwa umbo lake. Vikato vya nusu ya mbele huchorwa upande mmoja wa mstari wa katikati, vya nyuma upande wa pili. Hivyo vikato ndivyo mataruma yako. Unavibandika kwenye ubao mwembamba, unavikata kwa msumeno wa uzi, unavipachika kwenye mkuku, na tumbo la meli linajitokeza lenyewe. Bila mchoro huo unabahatisha.

Sasa kuhusu kuchapa. Meli yangu ya kwanza ya Liemba niliifanya kwa skeli ya 1 kwa 100, hesabu rahisi kuliko zote: mita 71.4 za Kigoma ni sentimita 71.4 za Bumbuli. Nilipeleka faili kwenye duka moja la kuchapa, nikapewa karatasi za A4 nizigandishe. Nikagandisha, nikakata mataruma, nikapigilia mbao, nikasugua kwa msasa wiki nzima. Vyumba vya sitaha nilivitengeneza kwa namba nilizokuwa nazo kwenye daftari. Nilipoviweka juu, havikukaa. Vilining'inia pembeni kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Kupima meli: sentimita 69 na kidogo. Mashine ilikuwa imepunguza kila ukurasa ili mchoro usiguse kingo za karatasi, na hakuna aliyeiambia isifanye hivyo.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuchapa chochote, nachora kwenye faili mstari wa sentimita 10 kamili, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama. Karatasi ikitoka, rula kwanza, pesa baadaye. Mstari wa kulala unaweza kuwa sahihi na wa kusimama ukawa mfupi. Fotokopi za zamani zina tabia hiyo. Na kama mchoro ni mkubwa, usihangaike na A4 ishirini. Nenda Tanga kwa wanaochapa ramani za nyumba za wachora majengo. Mashine zao zinatoa karatasi pana kwa kipande kimoja.

Wenzangu wa milimani mna tatizo la ziada ambalo vitabu vya wazungu havilitaji. Ukungu wetu. Karatasi iliyokaa karakanani miezi ya mvua hunyonya unyevu ikatanuka, tena hutanuka zaidi upande mmoja kuliko wa pili. Ramani ya Januari si ramani ya Mei. Andika vipimo vyote muhimu kwa namba kwenye daftari siku ileile unapochapa, na ukibishana na karatasi, namba ndiyo hakimu.

Wanaotaka manowari wana bahati, kwa kuwa majeshi ya majini ndiyo yanayotunza karatasi kuliko watu wote. Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 na kuishia delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, ilijengwa kwenye karakana ya jeshi mjini Kiel. Nyaraka za jeshi la majini la Ujerumani ya kifalme zimehifadhiwa Freiburg, kwenye tawi la kijeshi la Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho. Urefu wake ulikuwa mita 115.3, kwa skeli ya 1 kwa 200 unapata chini kidogo ya sentimita 58, inayotosha juu ya kabati. Mizinga kumi ya sentimita 10.5 usiichonge kwa picha tu: mmoja wa mizinga hiyo upo Fort Jesus, Mombasa, nje, unaweza kuupima kwa futi yako mwenyewe.

Jihadhari na dada za meli. Manowari hujengwa kwa makundi, na usipopata ramani ya unayoitaka utaambiwa uchukue ya dada yake. Mara nyingi ni ushauri mzuri. Lakini dada watatu wa Königsberg, yaani Nürnberg, Stuttgart na Stettin, hawakulingana nayo kila kipimo. Na utakutana na mtu atakayekupa ramani ya Emden, kwa kuwa Emden ina mashabiki dunia nzima tangu ilipopigwa na manowari ya Australia iitwayo Sydney mwezi Novemba 1914. Ina mabomba matatu ya moshi kama Königsberg, na kwa mbali zinafanana kama pacha. Emden ni ya kundi la Dresden. Ikatae.

Kwa upande wa Waingereza, Makumbusho ya Taifa ya Bahari ya Greenwich, London, ina ramani za meli zaidi ya milioni moja. Pegasus ilikuwa ya kundi la Pelorus, meli kumi na moja, na hapa dada anasaidia kweli. Mmoja wao, Pioneer, alipewa jeshi la majini la Australia, akaja kulinda mlango wa Rufiji mwaka 1915. Kwa hiyo unaweza kupata msaada hata kwa wachongaji wa Sydney, ambao wanaifuatilia Pioneer kama historia yao.

Nimewataja Waaustralia kwa sababu nyingine pia. Wao walikwishakutana na shida yetu. Endeavour ya Kapteni Cook ilikuwa meli ya makaa ya mawe iliyonunuliwa na jeshi la majini mwaka 1768. Jeshi likaipima na kuichora, na michoro hiyo ndiyo iliyowawezesha kujenga Endeavour nyingine ya ukubwa kamili, iliyoshushwa majini Fremantle mwaka 1993. Lakini kati ya meli kumi na moja zilizopeleka wafungwa wa kwanza Australia mwaka 1788, mbili tu zilikuwa za jeshi. Zile za kukodi, za wafanyabiashara, nyingi zimeacha orodha za mizigo na vipimo vichache tu, na wachongaji huzijenga kwa kukisia kutoka kwa meli za aina hiyo. Kukisia si aibu. Aibu ni kukisia kisha ukaandika kwenye kibao "nakala halisi".

Usidharau meli za biashara zenye visa. Kilomita chache kaskazini ya Tanga, kwenye ghuba ya Manza, ilipigwa mwezi Aprili 1915 meli iliyokuja na silaha za Wajerumani ikijifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg. Jina lake la kweli ni Rubens, meli ya Waingereza iliyokamatwa Hamburg. Ukitafuta ramani ya Kronborg utazeeka. Kwa meli zilizobadilishwa majina, tafuta jina la kuzaliwa na karakana iliyoijenga, maana ramani huzaliwa na meli na haibadilishi jina.

Sasa nifike ninapopapenda. Majahazi.

Hapa hakuna pa kuandika barua. Fundi wa jahazi anajenga kwa jicho, kwa shibiri na kwa kamba, na akifa ramani inazikwa naye. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba na kuvuta tanga la mkeka, ulipotea kwa njia hiyo; tunachojua tunakijua kwa sababu watu wachache walipima na kuandika, akiwemo James Hornell katika makala yake ya 1941 na A. H. J. Prins katika kitabu chake kuhusu Lamu cha 1965. Walipotaka kujenga mtepe wa ukubwa kamili Zanzibar mwaka 2003, ilibidi warudi kwenye maandishi na mifano midogo iliyosalia. Ukawekwa kwenye jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, na jumba lenyewe likaporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Basi usiniambie utapima mwakani.

Panda gari ya asubuhi: Soni, Mombo, Korogwe, Muheza, Tanga. Pale Deep Sea utaona vyombo, lakini pana haraka na harufu. Mimi napendelea Kigombe au Pangani, ambako jahazi linaweza kukaa limeegemezwa magogo siku kadhaa likikalafatiwa. Salimia kwanza. Mtafute nahodha, mtafute fundi, eleza unachotaka kufanya, toa chochote cha chai. Mtu anayeonekana anazunguka chombo cha watu na futi hudhaniwa ni wa kodi.

Beba futi ndefu, kamba, timazi, pima maji, daftari na kijiti cha mita moja ulichokipaka rangi mbili kila sentimita 10. Nyosha kamba kutoka hanamu hadi fashini, juu ya mstari wa katikati, na uigawe sehemu kumi zilizo sawa. Kwenye kila sehemu simamisha mti wima pembeni mwa chombo, uhakikishe kwa timazi, kisha pima umbali wa kulala kutoka kwenye mti hadi kwenye ubao, kila baada ya sentimita 20 kwenda juu. Hizo ni namba za kikato kimoja. Ukimaliza kumi, una mchoro wa mistari wa jahazi ambao pengine haupo popote duniani. Vitabu vitakuambia upime upande mmoja tu kwa kuwa wa pili ni uleule. Kwa meli ya Glasgow, sawa. Jahazi pima pande zote mbili. Mti una maoni yake, na jicho la fundi lina upande linaloupenda.

Kisha piga picha, kijiti chako kikiwemo ndani ya kila picha. Na zungumza na fundi. Muulize mlingoti anaukata kwa kipimo gani cha mkuku, foromali inakuwa ndefu kiasi gani, taruma la kwanza analiweka wapi. Andika maneno yake anavyoyatamka. Fundi mmoja niliyemwonyesha mchoro wangu aliugeuza mara mbili, akaweka kidole kwenye omo, akasema: "Hii hanamu umeisimamisha mno, mwanangu. Chombo hiki hakitapanda wimbi, kitalipiga kichwa." Nikarudi kupima. Kamba yangu ilikuwa imelegea.

Kwenye kona ya mchoro andika jina la chombo, pwani ulipokipimia, tarehe, na jina la fundi kama ameridhia. Namba zote za daftari zinakili mara mbili, nakala moja ikae nyumba nyingine kabisa, si chumba kingine. Jahazi nililolipima Kigombe nililirudia mwaka uliofuata nikitaka kuhakikisha upana wa tezi. Lilikuwa limepasuliwa, mbao zimepangwa kando ya njia kwa fungu. Nilinunua vipande viwili vya taruma kwa bei ya kuni, nikavileta Bumbuli juu ya keria ya basi, na sasa hivi vinakaukia darini, karibu na gogo la mpeasi.